Mikono Inapoachia Usukani: Kufunga Kaiti kwa Michezo ya Hewani

Usukani wa kaiti ni fimbo fupi, kwa kawaida ya sentimita 40 hadi 55, ambayo mchezaji huishika kwa mikono miwili akiwa amesimama juu ya ubao majini. Kutoka hapo hupanda kamba nne, kila moja ya mita 20 hadi 24, hadi kwenye kaiti yenyewe, kishada kikubwa ambacho mirija yake imejazwa hewa kwa pampu. Kamba mbili za katikati hupita kwenye tundu la usukani na kuishia kwenye kitanzi kinachovishwa kulabu ya mkanda wa kiunoni. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo. Mbili za pembeni zimefungwa kwenye ncha za usukani, na kazi yake ni kugeuza kaiti na kuamua ikamate upepo kiasi gani. Usukani ukivutwa kuelekea kifuani, nyuma ya kaiti hushuka, tumbo lake likakamata upepo na nguvu ikaongezeka. Ukisukumwa mbali, kamba za pembeni hulegea, kaiti ikalala na upepo na nguvu ikapungua.

Nahodha wa ngalawa hahitaji kuelezwa mpango huu mara mbili. Upepo ukimjia kwa ghafla huachia demani, ile kamba ya kuvutia tanga, tanga likapigapiga, chombo kikatulia. Usukani wa kaiti ni demani ya mchezaji, na usalama wote wa chombo hiki umejengwa juu ya jambo moja: mikono ikiachia, nguvu ipungue. Michezo ya hewani ya kuachia mikono inaugusa msingi huohuo, kwa kuwa hapo mchezaji anataka kaiti iendelee kumbeba wakati hakuna mkono unaoishika. Kwa hiyo kabla ya kuruka kuna swali moja la kujibiwa, na linajibiwa ufukweni, kamba zikiwa bado mchangani: mikono ikitoka kwenye usukani, kaiti hii itafanya nini?

Jibu hilo halikuwa zuri siku zote. Ndugu wawili wa Brittany, Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hataza ya kaiti ya kujazwa hewa mwaka 1984. Kaiti za mwanzo zilizouzwa baadaye zilikuwa za kamba mbili, na mtu hakuwa na njia ya kupunguza nguvu kwa kusukuma usukani. Kamba nne zilileta nafuu, na kaiti za umbo la upinde zilizoingia sokoni katikati ya miaka ya 2000 zikawezesha nguvu kushuka karibu na sifuri. Mchezaji wa leo amerithi chombo kinachosamehe mengi, ila kinasamehe pale tu kilipofungwa sawasawa.

Kuachia mikono kuko kwa namna mbili, na kuzichanganya ni kosa kubwa. Katika namna ya kwanza kitanzi kinabaki kwenye kulabu. Mchezaji huipandisha kaiti juu ya kichwa, hunyanyuliwa, kisha huondoa mkono mmoja au yote miwili ili ashike ubao, auvue miguuni na kuurudisha, au anyooshe mikono tu hewani. Katika namna ya pili kitanzi kinatolewa kwenye kulabu kabla ya kuruka. Uzito wote unaning'inia mikononi, na katikati ya mruko usukani hupitishwa nyuma ya mgongo kutoka mkono mmoja hadi mwingine huku mwili ukizunguka. Katika namna ya kwanza, kuachia mikono hakumtenganishi mtu na kaiti yake. Katika ya pili, kuachia ni kuanguka. Mfungo unaofaa huku haufai kule, na hatari huanza pale mtu anapotoka na mfungo wa namna moja kwenda kujaribu nyingine.

Mlolongo wa usalama una hatua tatu. Ya kwanza ni kuachia usukani. Ya pili ni kifyatuo kilichopo kwenye kitanzi: kikisukumwa au kuvutwa kulingana na muundo wake, kitanzi hufunguka, usukani hukimbia juu ya kamba, na kaiti hubaki imeshikwa na kamba moja tu ya katikati, ikapepea kama bendera na kuanguka majini bila kuvuta. Kamba hiyo moja inaunganishwa na mwili kwa kamba fupi ya usalama iliyofungwa kwenye mkanda. Hatua ya tatu ni kifyatuo cha pili, kilicho kwenye kamba hiyo ya usalama, kinachoiachia kaiti iende zake kabisa. Hatua ya tatu ni ya mwisho kweli, kwa sababu kaiti iliyoachiwa inaweza kumfikia mtu mwingine ufukweni na kamba zake zote. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa kiwango namba 21853 kinachoeleza jinsi vifyatuo hivi vinavyopaswa kufanya kazi na kujaribiwa. Mnunuzi wa kaiti iliyokwisha kutumika, nao ni wengi katika pwani yetu, afanye bidii kujua kama usukani anaouziwa umetoka kabla ya hapo au baada yake. Kitambaa cha kaiti kikizeeka hupunguza raha; kifyatuo kikizeeka huua.

Kwa mruko wa kitanzi kikiwa kwenye kulabu, sehemu tatu za mfungo zinahitaji macho. Ya kwanza ni ulimi wa kitanzi, yaani kile kijiti cha plastiki kinachopitishwa chini ya kulabu ili kitanzi kisichomoke. Mtu akigeuka kichwa chini hewani, kamba hulegea kwa nusu sekunde, na kitanzi kisicho na ulimi huteleza kikatoka bila yeye kujua. Mikono wakati huo iko kwenye ubao. Hakuna kilichobaki cha kumshika isipokuwa kamba ya usalama, ambayo itaiangusha kaiti na yeye pamoja nayo. Kwa hiyo ulimi uingie hadi mwisho, na mchezaji aukague kwa kidole kila anapotoka ufukweni, hata kama aliukagua dakika kumi zilizopita.

Ya pili ni kizuio, goroli inayokaa kwenye kamba ya katikati juu ya usukani na kuamua usukani uende mbali kiasi gani unapoachiwa. Hapa ndipo ushauri wa mitaani hupotoka. Wapo wanaokishusha kizuio karibu sana ili kaiti ibaki na nguvu mikono inapoondoka, na kweli mruko huwa mrefu na mtulivu. Lakini usukani usio na pa kwenda ni demani iliyofungwa fundo: upepo ukipanda ghafla, kuachia hakusaidii kitu, na mchezaji anabaki na kifyatuo peke yake akiwa mita kadhaa juu ya maji. Kizuio kilicho mbali mno nacho kina ubaya wake, kwani usukani huteleza usifikike, kaiti ikakosa nguvu na kupita kichwa kuelekea upepo unakotoka, kamba zikalegea na mtu akashuka kama jiwe. Kipimo cha haki ni mkono wa mchezaji mwenyewe. Akiwa amejifunga ufukweni na kuegemea nyuma kama vile anavutwa, ncha za vidole vyake ziweze kuukamata usukani uliokwenda hadi mwisho. Mfupi na mrefu hawawezi kutumia mpangilio mmoja, na usukani wa kuazima upimwe upya kabla ya kuingia nao majini.

Ya tatu ni ukanda wa kurekebishia, ule unaofupisha au kurefusha kamba za katikati. Kwa michezo hii inafaa kaiti irekebishwe ili pale usukani unapokaa wenyewe mikono ikitoka iwe na nguvu ya wastani tu, ya kumshusha mtu polepole, isiyotosha kumnyanyua tena. Hilo linajulikana kwa kujaribu: mchezaji anateleza taratibu kwenye maji ya kiunoni, anaachia mikono kwa muda wa pumzi moja, anatazama. Kaiti ikitulia mahali pake, mfungo ni mzuri. Ikikimbilia pembeni, kurudi nyuma au kumnyanyua, arudi kwenye ukanda.

Kaiti yenyewe iwe juu ya kichwa kabla mikono haijaondoka, na hapa Kiswahili kina mtego wake. Walimu wengi, wakiwemo wageni, huieleza anga kwa uso wa saa: kumi na mbili ni juu, tisa ni kushoto, tatu ni kulia. Mwanafunzi anayesoma saa kwa Kiswahili anajua kwamba mshale ulioko kwenye kumi na mbili ni saa sita, na kwamba saa tatu ni pale palipoandikwa tisa. Mwalimu akipiga kelele "tatu!", mmoja ataipeleka kaiti kulia na mwingine ataipeleka kushoto, na wote wawili watakuwa wametii. Dawa yake ni kuacha tarakimu kabisa na kusema juu, kulia, kushoto, au kutaja kitu kinachoonekana: kuelekea mwambani, kuelekea minazini. Jambo hilo liamuliwe kabla ya somo la kwanza, si katikati ya upepo.

Mikono irudi kwenye usukani mruko unapofika kileleni, au mara tu baada yake. Kutua vizuri kunahitaji kaiti ielekezwe mbele ili imvute mtu akigusa maji badala ya kumwacha aanguke wima, na hilo halifanyiki bila mikono. Anayesubiri hadi aone maji yanamjia amechelewa. Ubao ukiponyoka auache, ubao unaokotwa. Kuufunga ubao kwa kamba mguuni ili usipotee ni hatari zaidi ya kuupoteza, maana kamba ikivutika huurudisha kichwani.

Namna ya pili, ya kutoka kwenye kulabu, inataka mfungo karibu uwe kinyume. Ulimi unaondolewa au kugeuzwa pembeni, na kitanzi kiwe kipana ili kitoke na kurudi kwa urahisi. Ukanda wa kurekebishia unavutwa hadi kaiti ipoteze sehemu ya nguvu zake, kwa sababu mtu anayening'inia mikononi ameuvuta usukani hadi mwisho wakati wote. Kaiti ambayo haikurekebishwa, ikivutwa hivyo, hukaba: hupoteza mwendo, ikarudi nyuma na kuporomoka. Kipimo chake ni chepesi. Kitanzi kikiwa bado kwenye kulabu, usukani unavutwa hadi chini kabisa na kushikiliwa kwa sekunde chache. Kaiti ikianza kurudi nyuma, ukanda uvutwe tena. Kitanzi kisitolewe kwenye kulabu kabla ya jaribio hilo kufaulu.

Kamba ya usalama nayo hubadilika. Ile fupi ya kawaida, iliyofungwa mbele, humzunguka mtu anapopitisha usukani mgongoni. Inayohitajika ni ndefu zaidi, yenye mpira ndani, ifungwe nyuma ya mkanda. Swali gumu zaidi ni la ncha ya pili. Ikifungwa kwenye pete ya usalama, ile iliyoshika kamba moja ya katikati, mchezaji akiponyokwa na usukani kaiti hupepea na kuanguka; ni jambo la usumbufu, kamba hujisokota, lakini hakuna kinachomvuta. Wako wanaoifunga kwenye kitanzi chenyewe ili kaiti isife wanapoponyokwa. Wachezaji wanaoujua mfungo huo kwa Kiingereza wameupa jina la kujiua, na jina hilo halina chumvi. Kaiti inabaki na nguvu, mtu anavutwa kwa mgongo, na kifyatuo kimekwenda mbali na mkono. Kinachobaki ni kifyatuo cha kamba ya usalama, nacho kiko nyuma. Mfungo huu usitumiwe na mtu anayejifunza, na hata bingwa asiutumie pasipo na maji mengi matupu upande upepo unakokwenda.

Katika namna hii urefu wa mruko nao una mpaka. Kaiti haiwekwi juu ya kichwa. Inawekwa chini kidogo ya nusu ya anga, ili imvute mtu mbele zaidi ya kumpandisha. Anayeponyokwa akiwa mita moja juu ya maji atalowa tu. Anayeponyokwa akiwa mita sita ataanguka mita sita.

Kupitisha usukani mgongoni hujifunzwa kwanza nchi kavu. Usukani wa zamani hufungwa kwenye tawi la mwembe, mwanafunzi akajivuta hadi ukafika nyongani, akaachia mkono mmoja, akageuka, na mkono wa pili ukautafuta mgongoni. Mara mia kwenye tawi ni bora kuliko mara tano majini, kwa kuwa mkono ukishajua njia, macho yanapata nafasi ya kutazama kaiti.

Baada ya kila mruko wa kuzunguka, kamba za katikati huwa zimejisokota. Hapo ndipo kizungusho kidogo kilicho juu ya kitanzi kinapopata kazi. Kikishikwa mkononi baada ya siku moja kwenye ufuo wa Paje, Unguja, mara nyingi husikika kikikwaruza, mchanga mweupe uliosagika kama unga umejipenyeza ndani na chumvi imeugandisha. Kizungusho kilichokwama kinaacha misokoto kwenye kamba, na kamba zilizojisokota huizuia ile kamba moja ya usalama kuteleza. Matokeo yake, mtu anafyatua na kaiti haifi. Kwa hiyo misokoto ifunguliwe kila baada ya mruko, na jioni usukani wote uoshwe kwa maji baridi ya bomba au kisima huku kizungusho na vifyatuo vikizungushwa na kufunguliwa mara kadhaa ndani ya maji hayo.

Kamba za katikati huvutika kuliko za pembeni kwa sababu zinabeba zaidi. Baada ya wiki nyingi za matumizi zinakuwa ndefu, na ni sawa na kusema za pembeni zimekuwa fupi: kaiti inakaba bila sababu inayoonekana. Uchunguzi wake unahitaji mnazi tu. Ncha zote nne hufungwa mahali pamoja kwenye shina, ukanda wa kurekebishia ukaachiwa wote, kisha usukani ukavutwa kwa nguvu sawa kutoka upande wa pili. Katika kaiti nyingi kamba zote zinapaswa kulingana, na usukani kukaa sambamba. Ukikaa mshazari au kamba za katikati zikilegea, virekebishwe vifundo kabla ya upepo kuanza.

Mahali pa kufanyia haya ni sehemu ya mfungo. Paje, mashariki ya Unguja, pamekuwa kituo kikuu cha kaiti katika pwani ya Waswahili, pamoja na Jambiani jirani yake, na kwa upande wa Kenya Diani, Watamu na Che Shale kaskazini ya Malindi. Mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi mbali na ufuo, ndani kukabaki maji tulivu yenye mchanga chini. Kusi ya Juni hadi Septemba na kaskazi ya Desemba hadi mwanzoni mwa Machi zote huvuma zikisukuma kuelekea nchi kavu. Mtu aliyeshindwa na kaiti hapelekwi bahari kuu. Anapelekwa kwenye minazi, kuta za hoteli na watu. Kwa hiyo nafasi ya wazi upande upepo unakokwenda isipungue urefu wa kamba mara mbili, yaani kama mita 50, na kwa anayejifunza kuachia mikono iwe zaidi ya hapo.

Maji nayo hayatulii. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4 Unguja, na sehemu ya kuogelea hugeuka njia ya kutembea baada ya saa chache. Mtu aliyekulia bara, tuseme Gashoho kaskazini-mashariki mwa Burundi, ambako maji makubwa ya karibu ni maziwa ya Kirundo, hufika pwani bila mazoea hayo; hata Ziwa Tanganyika halimfundishi kwamba kina cha ufuoni hubadilika kwa saa. Aulize wavuvi, atafute jedwali la kupwa na kujaa, na asiruke kwenye maji yasiyomfika kifuani. Vesti ya kuelea yenye kinga ya mbavu na kofia ngumu vivaliwe, na kisu kidogo cha kukatia kamba kiwe kwenye mkanda. Kamba ya kaiti iliyokazwa hukata nyama, kwa hiyo isizungushwe mkononi hata mara moja, si wakati wa kuikusanya wala wakati wa kuogelea kuifuata kaiti iliyoanguka.

Halafu kuna mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, miaka mingi kabla ya kaiti kuonekana huko, na kinaendeshwa zaidi na wanawake. Wakati wa kupwa kwa bamvua wanawake hao huwa ndani ya maji, wameinama, migongo kwa bahari, kati ya safu za vijiti na kamba. Vijiti vinatosha kumchoma mtu anayetua vibaya, lakini hatari kubwa ni ya upande wa pili: kaiti inayoanguka inapitisha mita 24 za kamba kwenye kimo cha shingo ya mtu ambaye hakuja kucheza. Mashamba hayo yana haki ya kwanza. Maji yakipwa na akina mama wakiingia, michezo ya hewani isimame hadi yajae tena.

Mwanafunzi aanze na kifyatuo, kabla ya kaiti kuruka. Akifyatue akiwa amefumba macho, kwa mkono wa kulia kisha wa kushoto, huku mwenzake akivuta kamba ili kuwe na mzigo halisi, kisha akiunganishe upya bila kutazama. Afanye hivyo kwenye maji ya kiunoni na kaiti ikiwa hewani, aone kwa macho yake ikipepea na kuanguka. Baada ya hapo ndipo aachie mkono mmoja akiteleza, kisha miwili, kisha mruko mdogo wa mkono mmoja, kisha miwili. Hatua isiyofanikiwa mara kumi mfululizo isirukwe. Na jaribio la kifyatuo lirudiwe kila siku kabla ya kuingia majini, kwa mgeni na kwa mwalimu. Kikikwama ufukweni hata mara moja, usukani huo hauingii baharini siku hiyo.